Ananifinya, Kisha Ananichoma

6 Februari
(Hii haikutumwa)

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama unaumwa basi yawe mafua tu. Sisi huku tu wazima nusu. Mwenye dobi amenunua pasi mpya, nzito kama kichwa chako, na mashuka ya nyumba za wageni yanakuja kwa magunia. Kazi nyingine naileta nyumbani, napigia pasi uani. Shangazi alipita Jumapili, akapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, akalipata, akaenda zake ameridhika.

Sasa jambo lenyewe, na ukae chini. Mama aliteleza bafuni, akavunjika mguu. Sikukuambia kwa sababu alifungwa plasta na nikaona mambo yamekwisha. Plasta ilipotolewa, mguu ukavimba kama mto wa kulalia, ukawa wa moto, hata shuka likiugusa anapiga kelele. Hospitali wakampiga picha. Damu imeganda ndani ya mshipa, kuanzia nyuma ya goti kwenda juu. Daktari hakunificha. Alisema kipande kikikatika kikapanda mapafuni, Mama hatunaye.

Kwa hiyo amepewa sindano, Kaka. Nimelisema. Ni sindano ndogo, zinakuja zimeshajazwa dawa, kila moja ndani ya kasha lake. Zinazuia damu isiendelee kuganda. Anachomwa tumboni kila asubuhi, na anayemchoma ni mimi. Nesi alinifundisha kwa kunishika mkono: finya ngozi ya tumbo iwe tuta, usiiachie, ingiza sindano wima, sukuma polepole, chomoa, usisugue. Nikauliza kile kipovu cha hewa nikitoe? Akasema kiache kama kilivyo. Siku ya kwanza nilitetemeka mpaka Mama akaniuliza, "Unanichoma au unanishona?"

Tumbo lake limejaa madoa, mengine ya bluu, mengine yanageuka manjano. Ukiyaona utadhani amepigwa. Nesi anasema ni kawaida, kwa kuwa dawa inaizuia damu kuganda, basi hata pale panapopita sindano damu huvilia chini ya ngozi. Watu husema damu nzito kuliko maji. Ya Mama tunaipunguza uzito kila siku kabla ya chai.

Najua utakavyopiga kelele. Najua ya Baba. Alichomwa sindano pale zahanati, akakata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako, na tangu siku hiyo kwako nesi ni muuaji. Lakini hii siyo ile. Bila hii tunamzika Mama.

Mdogo wako

Nimekuwa nikiisoma kwa sauti, Mama amenisikia. Amesema isiende. "Akisikia sindano atatupa mwiko huko kambini ashuke leo leo, na kazi hapati tena." Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kifo anakijua yeye kuliko mimi. Ameniapisha: neno sindano lisimfikie mwanawe, si kwa kinywa changu wala kwa chake.


7 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Dobi kazi ni nyingi, pasi ni mpya, Shangazi hajambo na kidole chake. Mama mguu ulimsumbua kidogo, hospitali wamempa dawa ya damu, anaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako


25 Februari

Mdogo wangu,

Barua gani hii, fupi kama mkia wa mbuzi? Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna maneno mengine. Marahaba, marahaba. Huku simu zetu ni tochi tu, mtandao hakuna, kwa hiyo ukipata nafasi ya kuandika andika, wacha uvivu.

Mimi mzima. Barabara inasonga, wachimbaji wanakula kama nzige. Nyapara amesema maharage yangu yana mawe, nikamwambia mawe hayo ni ya barabara yake. Juzi wamekuja watu wa afya na masanduku yao, eti kila mtu achanjwe mkono. Mimi huyo, stoo, nyuma ya magunia ya viazi! Nimekaa humo mpaka gari lao limewashwa. Watu wananicheka, waache wacheke. Wao hawakumshika Baba mkono.

Na hiyo dawa ya damu, mimi nilijua zamani. Mama hana damu, viganja vyake vyeupe tangu tuko wadogo. Sasa sikiliza mpishi: mpe maini, mpe mboga za majani, mpe dengu. Vidonge vya kuongeza damu peke yake havitoshi. Nakutumia nyama kavu kwa Breki, dereva wa lori letu la chakula. Tunamwita Breki kwa sababu lori lake halina. Ni mtu mwema, mwaminifu, mkaribishe kama ndugu. Nimemwambia amwone Mama kwa macho yake aje anieleze, maana wewe na barua zako za mistari mitatu sikuelewi.

Kuna kitu unanificha? Kama unanificha niambie.

Kaka yako


14 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo, na asante kwa nyama. Hakuna ninachoficha. Nina mashuka mengi na mikono miwili.

Breki amefika. Tumemkaribisha, amekula, amekaa karibu na kitanda cha Mama pale dirishani, mimi nikarudi uani kupiga pasi kwa sababu mteja alikuwa anasubiri. Niliwasikia wakicheka. Mama siku hizi ana utani, hata mimi ananitania. Sijui walizungumza nini ila alipotoka chumbani yule bwana hakuniangalia usoni, nadhani ni aibu ya kula sana.

Maini amekula. Mguu umepungua uvimbe, jana alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Asubuhi ananisumbua kidogo lakini tunaelewana. Daktari amesema tuendelee na dawa, tusiruke hata siku moja. Nami siruki.

Ningependa siku moja uje. Usije kwa hasira wala kwa kelele, uje tu.

Mdogo wako


28 Machi

Wewe,

Salamu sina. Nilikuwa nazo nikazimaliza jana, Breki alipokaa mbele yangu jikoni akakataa chai.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Amesema, "Mwenzangu, mimi nina mama pia, siwezi kunyamaza. Mama yako kaniambia kwa kinywa chake: binti yangu ananifinya, kisha ananichoma. Kila asubuhi. Nikadhani ni utani, maana alikuwa anacheka. Akainua nguo akanionyesha tumbo. Bluu, nyeusi, manjano, tumbo zima. Nikamuuliza, Mama, nani kakufanyia hivi? Akasema nani mwingine, si huyo hapo, na akanionyesha kwa kidevu. Nikageuka. Dada yako amesimama uani na pasi ya moto mkononi."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia arudie. Amerudia mara nyingi na neno halikubadilika.

Na mfukoni mwake ananiletea barua yako! "Asubuhi ananisumbua kidogo lakini tunaelewana." Unaelewana na Mama kwa pasi? Kumbe ndiyo maana barua zako fupi. Kumbe ndiyo hiyo dawa usiyoruka hata siku moja. Usinijibu kwamba ni uongo. Lisemwalo lipo, na hili halikusemwa tu, limeonekana kwa macho.

Kuuguza kunachosha, nalijua hilo. Mzee akiwa kitandani anakuwa mtoto, analia, anachafua, anakukataza kulala. Ungeniambia umechoka. Ningemtafuta mtu. Lakini kumchoma aliyekuzaa! Tumbo lilelile ulilotoka!

Nimemwandikia Shangazi. Breki ataanza kwake kabla hajafika kwako, kwa hiyo ukisoma haya Mama ameshaondoka. Usimfuate. Usimguse tena. Ukimgusa, mimi na wewe tutaonana pabaya.


9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mimi nakusalimu, sikulelewa porini.

Shangazi alikuja Jumamosi, wakati watu wote wako nje. Hakuingia ndani. Alisimama pale kwenye mlango wa uani akaisoma barua yako kwa sauti, na unajua sauti ya Shangazi. Fundi viatu aliacha nyundo hewani. Mke wa mwalimu alikuwa amekuja kuchukua mashuka yake, akayachukua yakiwa hayajakunjwa.

Kisha akaniuliza mbele yao, "Ni kweli unamchoma mama yako?"

Nikasema, "Ndiyo, Shangazi, namchoma kila siku, daktari ndiye kaniagiza."

Wewe jaribu kuisikia sentensi hiyo kwa masikio ya watu waliokwisha kusikia barua yako. Kuna mtu alicheka. Nikakimbia ndani nikaleta sanduku la sindano, nikalifungua, nikawaonyesha. Sindano, Kaka! Sindano za dawa! Mama damu imeganda mguuni na mimi namchoma sindano tumboni kila asubuhi ili isimwue. Ngozi lazima niifinye ndipo sindano iingie. Namfinya, kisha namchoma. Hayo ndiyo aliyosema Mama, na ndiyo kweli tupu, ila neno moja alilimeza kwa sababu yako. Alikuwa ameniapisha usilisikie, usije ukaacha kazi ukashuka kutupigia kelele. Lugha yetu nayo, neno moja la sindano na la pasi! Wewe ukachagua pasi. Ungeweza kuchagua chochote, ukachagua pasi.

Shangazi akalitazama sanduku akasema, "Na hizo ndizo umekuwa ukimtoboa nazo? Mtu mguu unauma, wewe unamtoboa tumbo?" Nikamgeukia Mama. Vijana aliokuja nao Shangazi walikuwa wameshamtoa ndani, wamemkalisha garini. Nikamwambia, "Mama, waambie." Unasikia? Alikuwa anahitaji kusema neno moja tu.

 Mama aliangalia magoti yake. Kisha akasema, "Acha nikapumzike kidogo kwa wifi yangu." Amechoka kuchomwa, hilo naliona. Na angelisema pale, wewe ungelisikia. Kati ya wewe kushtuka na mimi kuvuliwa nguo mbele ya mtaa, alichagua. Nimejua mahali pangu.

Sanduku limebaki kwangu. Kila siku nalibeba hadi kwa Shangazi, kila siku geti limefungwa, anaongea nami kupitia tundu. Anasema anamkanda mguu kwa maji ya moto na madoa ya tumbo yanafifia, Mama anapendeza. Kaka, madoa yakififia maana yake dawa inaisha mwilini! Nimekwenda hospitali, nesi anasema hawezi kuacha wodi akabishane na ndugu mlangoni, aletwe mgonjwa. Shangazi anasikia sauti yako peke yake. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu: mwandikie leo. Nitukane utakavyo, lakini mwandikie amruhusu achomwe. Breki nimempa barua hii mkononi, nikamwambia asiponiangalia usoni haidhuru, bora aendeshe haraka.

Na huko dobi nimeondolewa kwenye pasi, nimewekwa kwenye beseni. Wateja hawataki nguo zao zipigwe pasi na mimi.

Mdogo wako


3 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua ilikata daraja siku ileile lori lilipotoka huko kwenu. Breki amelala upande wa pili wa mto na barua yako mfukoni mpaka maji yakapungua. Nimeipata leo. Nimeisoma nimesimama, maharage yakaungua, sijali.

Nimemwandikia Shangazi. Nimemwandikia kwa herufi kubwa ili asidai hakuona: MAMA ACHOMWE SINDANO, DAKTARI ANAJUA. Mkono huu ulioandika hayo ni wa mtu ambaye hajawahi kulitamka neno hilo tangu Baba. Natumaini unaliona hilo.

Lakini na wewe! Kwa nini usingeniambia tangu mwanzo? "Dawa ya damu." Mtu anaandika dawa ya damu, mimi nitajuaje kama ni ya kuongeza au ya kupunguza? Nimewaambia maini! Nimetuma nyama! Mlinifanya mjinga, wewe na Mama. Ungeandika mistari miwili zaidi, haya yasingetokea. Kwa hiyo tusitafute mchawi hapa. Sote tumekosea.

Mama yukoje? Nijibu upesi. Breki anageuza kesho alfajiri.

Kaka yako


12 Mei

Kaka,

Barua yako kwa Shangazi ilimkuta hayupo nyumbani. Alikuwa hospitali na Mama.

Ilikuwa wiki mbili kabla hujaiandika. Mama alisimama kwenda bafuni, akashika ukuta, akasema kifua kimebana. Shangazi akamwambia ni gesi, akampa maji ya vuguvugu. Mama akaanguka na kikombe. Alipofika wodini midomo ilikuwa ya kijivu, anavuta hewa kwa mabega. Kile kipande alichokisema daktari kilikuwa kimekatika, kimekwenda mapafuni. Niliitwa na nesi, Shangazi hakuniita.

Amepona. Nakuandikia hilo mapema usije ukaangukia sufuria. Alikaa na mpira wa hewa puani siku nyingi, sasa ametolewa, anapumua mwenyewe ila akitembea hatua chache anakaa chini kama ametoka kulima. Daktari anasema pafu moja halitarudi kama lilivyokuwa. Vidonge wamemjaribu navyo, tumbo limevikataa, anatapika. Kwa hiyo ni sindano tena, mwanzo, kwa miezi, nami nimeambiwa ni mimi.

Nesi alimfunua tumbo mbele ya Shangazi, akauliza nani alikuwa anamchoma zamani. Shangazi akanyoosha kidole, bado akidhani ni mashtaka. Nesi akamweleza yote, kufinya, kuchoma, madoa. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeukia akasema, "Sasa si mngesema tu?" Akavaa viatu vyake akaenda nyumbani kupumzika. Tangu hapo mtaani hajasema neno. Alipokuja kunishtaki alisoma kwa sauti, ukweli ameukalia.

Unasema sote tumekosea. Mimi kosa langu ni kumtii Mama. La Mama ni kukupenda wewe kupita kiasi. La Breki ni kusema alichokiona. Wewe ulikuwa na dada miaka yote hii, tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo, unajua siwezi kuchinja kuku. Ukaambiwa anamchoma Mama kwa pasi, na hukuniuliza. Swali moja, Kaka. "Je, ni kweli?" Hukuliandika.

Nataka vitu viwili. Uje, japo siku chache, usimame mlangoni pale Shangazi aliposimama, uwaambie watu ulikosea. Na uniandikie barua ya kumpa mwenye dobi, nirudishwe kwenye pasi. Maji ya beseni yamenila vidole mpaka sindano nashika kwa shida.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba sana, na shukrani kwa kumwangalia Mama. Nimelia, nakuambia ukweli, nimelia mbele ya wachimbaji, wakadhani ni vitunguu. Huku sote wazima. Lami imeanza kumwagwa, harufu yake inaingia hadi kwenye wali.

Kuhusu kuja, Nyapara hatoi ruhusa mpaka kazi ya lami iishe. Na hata akinipa, mdogo wangu, nije nifanye nini? Nione anachomwa? Unanijua. Nitaanguka mimi kabla yake, muwe na wagonjwa wawili. Wewe una mkono mwepesi, Mwenyezi amekupa, nesi mwenyewe kashuhudia.

Kuhusu ile habari ya kusimama mlangoni. Nimeifikiria sana. Tazama, wewe watu wameshasema waliyosema, umeshazoea, na maneno ya mtaa huchoka yakalala. Lakini mimi nikisimama nikasema niliandika barua ile, watakachosikia ni kwamba mtoto wa kiume wa nyumba hii nusura amuue mama yake. Nitaishije na hilo? Nitakuja kuoa wapi? Shangazi naye tumwonee huruma, ni mtu mzima. Na Mama mwenyewe hatapenda, moyo wake utavunjika, na daktari kasema asishtuliwe. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Ya mwenye dobi nitaandika nikipata nafasi.

Mwambie Mama namsalimu sana, mwanawe yuko salama, asiwe na wasiwasi na mimi.

Kaka yako anayekupenda


16 Juni

Kaka,

Salamu zako kwa Mama nimezifikisha. Amefurahi, akauliza kama unakula vizuri. Mpishi, anaulizwa kama anakula!

Yaliyopita si ndwele, umeniandikia. Umeniandikia mimi, ninayeuguza. Ndwele ndiyo hii hapa, imelala pale dirishani, inapumzika mara mbili kabla haijafika mlangoni. Njoo uiambie kwamba imepita.

Nimekuelewa. Jina langu limeshachafuka, basi libebe na uchafu wako, maana kitambaa kimoja kuchafuka ni bora kuliko viwili. Wenye dobi hawafui hivyo, lakini nimekuelewa.

Sasa nisikilize, sitarudia. Dobi nimeacha. Nimepata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nesi ndiye aliyenisemea. Ni upande wa pili wa mji, kuna chumba cha kupanga karibu na hapo, kina dirisha moja na hakina uani. Mama nitamchoma mpaka daktari aseme basi. Siruki siku, usiogope, sikufundishwa kazi nusunusu. Siku hiyo daktari akisema basi, mimi nahamia huko. Mama atakuwa wako. Lami iishe isiishe, uoe usioe, atakuwa wako, na Shangazi yupo akusaidie. Breki nimemweleza kwa mdomo pia, polepole, neno kwa neno, nikamfanya arudie, kwa hiyo usije ukasema hukusikia vizuri.

Sijamwambia Mama kuhusu barua yako. Hajui kwamba nilikuomba uje ukakataa. Anadhani hatujakuambia lolote, anadhani wewe bado hujui, na kila siku ananikumbusha nisije nikalitamka lile neno ukalisikia. Bado anakulinda. Nilitaka kumwambia, nikafungua mdomo, nikaona anavyohema, nikaufunga. Kwa hiyo hata hilo nimekufanyia.

Asubuhi hizi hatuongei sana. Anajifunua mwenyewe, anageukia ukuta, mimi natafuta mahali ambapo hapana doa. Pamebaki padogo. Zamani alikuwa ananitania, siku hizi hanitanii, nami simbembelezi. Nikimaliza namfunika, namletea chai, naenda kazini.

Leo hakugeukia ukuta. Aliniangalia ninavyofungua kasha la sindano, macho yakamjaa maji, akaniuliza, "Mwanangu, umenisamehe?"

Nilikuwa nimeshaifinya ngozi. Nikamwambia vuta pumzi, nikamchoma.